Diski inachemka: nibadilishe setingi, ninunue stendi ya feni au niweke SSD?

Mwana_Kirumba
Wakuu habari za jioni. Laptopu yangu inachemka upande wa kushoto, pale ninapoegesha kiganja nikiwa nachapa, na nimeambiwa diski ndiko iliko. Jamaa mmoja anasema joto la diski linashushwa kwa setingi tu, hununui chochote. Mwingine anasema nichukue stendi yenye feni, nimeiona mjini kwa 28,000. Wa tatu anasema achana na hayo yote, weka SSD, diski isiyo na kitu cha kuzunguka ndani, nimetajiwa 65,000 ya GB 256 pamoja na ufundi. Mfukoni nina elfu 70 na Jumatatu nataka niwe nimeshaamua. Ipi bora? Nawasilisha.

LinuxTu
Weka Linux. Uzi ufungwe.

FundiMabatini
Mkuu umeleta mgonjwa bila vipimo. Laptopu ya kizazi gani, RAM ngapi, Windows ipi, diski ina nyuzi ngapi? "Inachemka" siyo namba. Hata chai inachemka.

Sangara_Mbichi
SSD, usijisumbue. Ndani hamna kinachozunguka, joto litoke wapi? Yangu toka nimeweka hata feni siisikii.

Mdau_wa_Bukoba
Sangara acha kudanganya watu. SSD yangu nikihamisha mafaili makubwa inagonga nyuzi 70.

FundiMabatini
Yako ni SSD ya aina ya NVMe, ile nyembamba saizi ya kipande cha jojo. Ya mleta uzi kama ni mashine ya zamani itakula SSD ya aina ya SATA, ile ya inchi 2.5, na hizo hazifiki huko. Tusubiri vipimo kwanza.

Mwana_Kirumba
Samahani wakuu. Ni mtumba, i5 kizazi cha nne, RAM 4GB, Windows 10, diski GB 500 ya kuzunguka. Joto sijui linaangaliwa wapi.

FundiMabatini
Shusha CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ifungue, soma namba ya joto na neno lililoandikwa kwenye kiboksi cha afya. Fanya hivyo mashine ikiwa imeshapiga kazi nusu saa, siyo ukiwasha tu ukimbilie kupima.

KobeMzee
Wakati tunasubiri niseme neno. Diski ya laptopu inakula wati mbili hivi ikiwa kazini, ikitulia haifiki hata moja. Prosesa iliyo jirani yake inakula 15 na kuendelea. Sasa hapo nani anamchemsha mwenzake? Jirani anakaanga samaki, nguo zinazonuka ni zako.

Setingi za kusaidia zipo, ila uzijue kazi yake. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, angalia safu ya Disk. Ukikuta 100% na wewe umekaa tu, kuna mtu anaizungusha bure: Windows Search inayojipangia orodha ya mafaili, SysMain inayoandaa programu kabla hujazifungua, au antivirasi inayokagua. Hizo mbili za mwanzo unaweza kuzizima na dunia isianguke. Halafu ingia kwenye mipango ya umeme, kiwango cha juu cha prosesa kitoe 100% ukiweke 99%. Asilimia moja inaonekana kama utani, lakini kwenye Intel nyingi inazima turbo, ile mbio ya ziada ya prosesa, na nyumba nzima inapoa. Mashine itakuwa nzito kidogo, usije kunilaumu.

Na hiyo RAM ya 4GB ndiyo inayonitia wasiwasi. Ikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye diski. Ukifungua kurasa ishirini za intaneti, diski hailali.

Kipepeo77
Shikamoo mzee Kobe. Umesahau ile ya kuizima diski isipotumika, iko hapo hapo kwenye mipango ya umeme. Windows inaweka dakika 20 ukiwa umechomeka chaja. Mimi ningeweka 2.

MamaPrinti
Kipepeo mwanangu, simama hapo hapo.

Mimi nina banda la kuchapa na kutoa kopi Nyegezi, wateja wangu ni wanafunzi. Mwaka jana diski ilikuwa inafika nyuzi 52, nikaogopa. Nikaona video moja, kijana anasema weka dakika 1 ijizime, itapoa kama maji ya mtungi. Nikaweka. Na kweli ikapoa, 44, mara 43, nikafurahi hadi nikawafundisha na wenzangu. Nisichojua ni kwamba kila antivirasi ikikohoa diski inaamka. Inaamka, inalala, inaamka. Kutwa nasikia "krrr... tik", nikaizoea kama unavyozoea jogoo wa jirani.

Ukafika msimu wa wanafunzi kukusanya tafiti zao. Mle ndani nina kazi za watu 11, wengine wameniachia nipange kurasa na hawana nakala popote. Asubuhi nawasha, skrini nyeusi, diski inagonga tik, tik, tik, kama inabisha hodi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, simtaji. Akaniambia iliyokufa kwa joto dawa yake baridi. Akaifunga kwenye nailoni, akaitia kwenye friza ya duka la jirani usiku kucha, juu ya sato. Kesho yake inatoka ina matone ya maji, na akaichomeka hivyo hivyo. Iligonga mara mbili, ikanyamaza mpaka leo.

Kuna binti alikaa kwenye kibenchi changu, hakulia, alikuwa anakunja na kukunjua risiti ya ada. Nilimchapia kurasa 60 upya bila hela, ananisomea kutoka kwenye daftari. Kwa hiyo hiyo dakika 2 yako baki nayo.

Kipepeo77
Pole sana mama. Nafuta kauli.

KobeMzee
Marahaba Kipepeo, na MamaPrinti pole. Alichosema ndicho kilichomo kwenye mstari wa C1 wa ile programu, hesabu ya vichwa vya kusomea diski kupanda na kushuka. Diski nyingi za laptopu zimeundwa kuhimili mara 600,000 hivi. Ikipanda na kushuka mara 4 kwa dakika, saa 10 kwa siku, hiyo ni 2,400. Laki sita zinaisha kwa siku 250. LinuxTu aliyetaka uzi ufungwe anakumbuka malalamiko ya watumiaji wa Ubuntu, moja ya Linux zake, mwaka 2007? Ugonjwa ulikuwa huo huo.

LinuxTu
Mzee hayo yameshapita. Na dawa yake ilikuwa amri ya mstari mmoja, hdparm -B 254, vichwa vinatulia.

KobeMzee
Vinatulia, na joto linapanda. Umerudi ulikotoka.

PwaniTupu
Hivi nyie wa Mwanza mnalalamikia joto gani? Ziwa lenu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, jioni mnavaa masweta. Njooni Temeke mwezi wa pili, hata panya wa kompyuta anatoka jasho.

Sangara_Mbichi
Pwani mna joto, sisi tuna wadudu wa ziwani. Wakiamua kuja wanatoka majini kama moshi, ukiwasha taa umekwisha.

FundiMabatini
Hapo Sangara kagusa penyewe. Niliwahi kufungua mashine ya jamaa wa Igombe, analalamika diski inachemka, ameshabadilisha setingi zote za dunia. Natoa feni, kwenye zile bati za kutolea hewa kuna kitu kama blanketi jeusi. Nikakivuta kwa kibanio kikatoka kizima, kama soli ya kandambili. Wadudu watupu, wamechanganyika na vumbi na nywele za paka. Kinanuka uduvi. Nikapuliza, nikabadilisha gundi ya prosesa, diski ikashuka nyuzi tisa na sikuigusa. Elfu 15 tu.

Mdau_wa_Bukoba
Wenzenu wa Ziwa Nyasa wanawaita kungu, wanawafinyanga kama keki na kula. Nyie mnawafugia kwenye laptopu.

Kipepeo77
Eti wanaliwa? Wana ladha gani?

Mwana_Kirumba
Nimerudi wakuu, umeme ulikuwa umekatika. Joto nyuzi 56. Kwenye kiboksi imeandikwa Caution, rangi ya njano. Mstari wa C5 una sifuri nyingi halafu 18. Kumi na nane ni nyingi?

FundiMabatini
Siyo kumi na nane. Programu hiyo usipoibadilisha inaandika kwa heksa, hesabu ya mafungu ya kumi na sita. 18 ya hapo ni 24 ya kawaida. Maana yake kuna sehemu 24 diski imejaribu kusoma ikashindwa, imeziwekea alama zinasubiri uamuzi. Mkuu, sahau setingi, sahau stendi. Hamisha vitu vyako leo hii.

KobeMzee
Naungana na fundi. Nyingi ya diski hizo zimeandikiwa mwisho nyuzi 60, na wewe uko 56. Lakini sipendi tulitupie joto kila kitu. Mwaka 2007 Google walichapisha takwimu za diski zao zaidi ya laki moja, na joto la kawaida halikuonekana kuwa muuaji kama watu wanavyodhani. Hiyo ya mtumba huenda ilianguka kabla hujainunua.

Mdau_wa_Bukoba
Mzee, diski za Google zinakaa kwenye vyumba vya kiyoyozi. Na hao hao walisema joto likizidi sana, hasa kwa diski zilizozeeka, vifo vinaongezeka. Ya huyu imezeeka na iko Kirumba.

KobeMzee
Hapo umenikamata.

MamaPrinti
Mwana_Kirumba, hujasema unaiweka wapi ukiitumia.

Mwana_Kirumba
Mezani mama. Meza ni ya kioo, kwa hiyo chini natandika kitenge nimekikunja mara nne isichubue kioo.

FundiMabatini
Yesu na Maria. Inavutia hewa chini!

Sangara_Mbichi
Posti zote hizi na tatizo ni kitenge.

FundiMabatini
Tatizo siyo kitenge peke yake, zile 24 hazikuletwa na kitenge. Ila kitoe.

Sangara_Mbichi
Basi tumerudi kwangu, SSD. Anyofoe diski, anakili kila kitu kwenda mpya, amalize.

FundiMabatini
Kunakili diski nzima yenye sehemu mbovu inaweza kukwama katikati na kuichosha zaidi. Mimi ningetoa picha na nyaraka kwanza, SSD nikaiwekea Windows mpya.

LinuxTu
Windows ipi? Ya 10 Microsoft walishaacha kuipa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na i5 ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha ya Windows 11. Nilisema mwanzo kabisa mkanicheka.

Kipepeo77
LinuxTu leo kapata sherehe.

Mwana_Kirumba
Wakuu nimetoa kitenge, nimeweka vizibo vinne vya soda kwenye kona za laptopu. Nimezima Search na SysMain, prosesa 99% kama mzee alivyosema. Sasa inasoma 48! Kwa hiyo hela ya SSD naweza kusogeza mpaka mwisho wa mwezi?

FundiMabatini
C5 inasemaje?

Mwana_Kirumba
20.

FundiMabatini
Hiyo ni 32. Jana ilikuwa 24. Umeshahamisha vitu?

Sangara_Mbichi
Mleta uzi yuko kimya toka saa nne. Umeme au diski?

Mgeni_Ilemela
Habari zenu, nimesoma uzi wote. Ile stendi ya 28,000 iko duka gani? Yangu haina tatizo, ila naona feni zake zinawaka taa ya bluu.