Tupeane uzoefu: krimu ya kunyolea ya bei chee, harufu yake na kazi yake

Mtu wa Chumbageni

Wakuu, za jioni. Nina jambo dogo lakini limenikaa kichwani wiki nzima.

Mimi nanyoa ndevu mwenyewe nyumbani, kila Ijumaa asubuhi kabla ya kwenda msikitini. Miaka yote ni povu la sabuni ya kuogea, likikauka naongeza maji, maisha yanaenda. Mwezi uliopita nimepita duka moja Ngamiani, hapa hapa Tanga, nikaona tyubu ya krimu ya kunyolea, shilingi 3,500. Nikasema leo na mimi nijitendee haki.

Harufu kwanza. Ukifungua kifuniko inakupiga ndimu, ila si ndimu ya kukamulia pweza, ni ile ya sabuni ya kufulia. Ikitulia kidogo, nyuma yake unasikia uturi wa kizee, kama kanzu ya babu iliyokaa sandukuni na kipande cha sabuni ndani yake. Sikuichukia. Inakaa usoni kama nusu saa hivi, halafu kwaheri.

Kazi sasa. Hapa kwangu, maji ya bomba, povu linakuja zito kama kasimile, wembe unateleza wenyewe. Wiki iliyopita nimelala kwa shemeji yangu Pongwe, nikatumia maji ya kisima. Tyubu ileile, brashi ileile. Povu jepesi, limekatika hata shavu la pili sijafika, na usoni umebaki utando mweupe kama nimepakwa unga. Nikahisi nimeuziwa feki.

Nyie mnaotumia hizi za bei chee mmekutana na nini? Semeni yote. Wenye maduka tunawaomba mkae pembeni.

Kinyozi Barabara ya 12

Mkuu, krimu yako nzima. Kilichokuangusha ni maji.

Pongwe yote chini ni mawe ya chokaa, ndiyo maana kiwanda cha saruji kiko huko, na ukizunguka kidogo unakuta mapango ya Amboni, nayo ni chokaa hiyohiyo iliyoliwa na maji. Maji ya kisima yakipita humo yanabeba chokaa. Sasa krimu ya tyubu, hata iwe na jina la Kizungu refu kiasi gani, kiini chake ni sabuni, mafuta yaliyopikwa kwa potasi. Chokaa ikikutana na sabuni zinashikana, zinakuwa ule utando uliouona. Sabuni imekufa hapo, haitoi povu tena. Inayobaki ndiyo inahangaika peke yake.

Dawa yake ni mbili. Ongeza krimu mara mbili ya ulivyozoea, au tafuta maji ya mvua. Mimi nina pipa chini ya bati. Masika likijaa naligawa kwenye madumu, na hayo siwapi watu kufulia hata wanililie. Wateja wanadhani nina krimu ya Ulaya, kumbe ni ya buku nne.

Na jambo jingine, naliona kila siku kwenye kiti changu: watu hawana subira. Mtu anapaka krimu, hapohapo wembe. Ndevu kavu ni ngumu, ikinywa maji inalainika. Mwagia uso maji ya uvuguvugu, paka povu, sugua na brashi kwa kuzungusha, halafu kaa dakika mbili tatu upige stori. Hapo hata wembe wa jero unakata kama umeazimwa hospitali.

Wembe Butu

Hizo dakika tatu mkuu mimi natoa wapi, daladala ya Kange inaniacha.

Mwana wa Sahare

Mimi nitaongelea harufu, kazi kinyozi kashamaliza.

Ami yangu alikuwa baharia. Kila akirudi alikuwa na tyubu ya kijani ya Proraso, ya Waitaliano wa Florence, jina hilo liko sokoni tangu 1948. Ndani ni mkaratusi na mentholi. Akinyoa uani asubuhi, nyumba nzima inajua ami kaamka. Sisi watoto tulikuwa tunasubiri aweke brashi chini tupake kwenye paji la uso tusikie baridi. Kwao huko ni krimu ya mtu wa kawaida tu, ya dukani. Huku kwetu ilikuwa kama dhahabu, akimaliza anakunja tyubu kutoka mkiani kama dawa ya meno ya mwanafunzi wa bweni.

Siku moja kabla ya nikahi yangu ndiye aliyeninyoa. Aliniketisha kwenye kigoda, akanifunga taulo, krimu kidogo tu, kama punje ya kunde, kwenye kiganja chake. Akachovya brashi, akazungusha, tone la maji, akazungusha, tone jingine. Mimi naona mkono mtupu, mara kiganja kimejaa. Akaniambia, "Mwanangu, povu hulilazimishi, unalibembeleza." Hakunikata hata mara moja, na mkono ulikuwa umeshaanza kutetemeka.

Sasa hivi natumia kijiti cha Arko, cha Waturuki. Unakisugua moja kwa moja kwenye ndevu mbichi halafu brashi inafanya kazi. Kwa pua yangu kinanukia mchaichai. Kiko imara, povu haliondoki haraka. Ila wanaouliza kuhusu viungo wajue kina mafuta ya mnyama, soma kibandiko uamue mwenyewe.

Mama Asumini

Naomba na sisi tunaokaa karibu na hizo nyuso tuseme.

Baba Asumini alikuwa na krimu moja ya kopo, ya kubonyeza. Harufu yake kali hadi mto unanuka. Mimi nikiweka asumini na vikuba kitandani, yeye anakuja na hewa ya chooni kwenye gesti. Nilivumilia miezi miwili. Nikamwambia chagua, kopo au mimi. (Alifikiri kidogo, sitasahau.)

Siku hizi anatumia ya tyubu isiyo na harufu nyingi, akishanawa nampaka mafuta ya nazi kidogo, yale ya kukamua nyumbani. Basi. Harufu nzuri ya mwanamume iko kwenye kanzu iliyofukizwa udi, kidevu kiacheni kinuke kidevu.

Kinyozi Barabara ya 12

Shemeji Mama Asumini umesema kweli, na hayo makopo ukiacha harufu yanamaliza pesa. Ni gesi na hewa ndiyo inayofanya yaonekane mengi. Ukilibonyeza linajaa mkono, ukipaka usoni baada ya dakika limenywea.

Tanga Raha 21

Jamani mimi naleta kisa cha aibu, mnicheke mkimaliza mnishauri.

Mwaka jana nilitumwa hitima Muheza. Asubuhi nikakuta krimu yangu imeisha. Nikachukua kwenye rafu ya bafu ya kaka yangu tyubu nyingine, picha yake mtu ana shavu laini, nikajua ndiyo hiyohiyo. Nikapaka, nikazungusha brashi, povu hakuna. Nikasikia harufu ya yai viza. Nikasema labda imekaa sana kwenye joto. Nikaongeza, nikaiacha ilainishe ndevu, maana kuna mtu aliwahi kunieleza mambo ya subira kama ya kinyozi hapo juu.

Kumbe ni dawa ya kunyolea. Ile ya kuyeyusha nywele. Nimegusa kidevu, ndevu zinakuja na vidole. Nikafurahi kidogo. Halafu moto ukaanza. Nimemwagia maji ndoo nzima. Nimefika hitima uso kama nyanya iliyomenywa, shangazi ananiuliza nani kanipiga, imamu ananitazama katikati ya dua.

Kibandiko kilisema isizidi dakika chache. Nimekisoma jioni.

Wembe Butu

Nimecheka daladala imenipita.

Mwalimu wa Makorora

Pole sana Tanga Raha. Hiyo dawa inavunja kile kinachoifanya nywele iwe ngumu, na ngozi yako nayo ina kitu cha aina hiyohiyo, kwa hiyo ikikaa sana inaanza kula ngozi. Harufu ya yai viza ndiyo dalili yake. Ukiisikia tu, toa.

Mimi tatizo langu ni vipele vya shingoni. Nilihangaika na krimu za kila bei nikidhani ndiyo kosa. Daktari wa ngozi akanionyesha kwa kioo: nywele zetu zimejikunja, ukikata karibu mno ile ncha inarudi ndani ya ngozi, au inaota inapinda inajichoma tena. Zile mashine za nyembe nyingi zinavuta nywele kisha zinakata, inajificha chini. Nimerudi kwenye wembe mmoja, nanyoa kufuata ndevu zinavyolala, sirudii mara tatu tatu. Vipele vimepungua kwa krimu ileile ya buku tatu. Nilichoacha ni yenye mentholi. Ule ubaridi ni mentholi inadanganya neva, ngozi yenyewe haijapoa hata kidogo, na penye mchubuko inawasha.

Nikijikata nagusisha jiwe la shabu la vinyozi, lililolowa. Inauma, damu inakoma.

Mtu wa Chumbageni

Wakuu asanteni, nimesoma yote. Mama Asumini, nimempa mke wangu asome, sasa naye anataka kupewa nafasi ya kuchagua.

Mrejesho: jana nimerudi Pongwe. Nimekwenda na tyubu na chupa ya lita moja na nusu ya maji ya bomba kutoka nyumbani. Shemeji kaniuliza hayo ya nini, nikamwambia ya kunyolea. Alicheka mpaka akaita majirani. Nikakaa uani kwake, krimu punje ya kunde, tone, nazungusha, tone, nazungusha. Povu likasimama. Nikamwambia shika mwenyewe. Akashika, akanyamaza.

Akanyoa yeye, akanyoa mwanawe mkubwa, akaja jirani aliyekuwa anacheka. Maji yakaisha, mimi bado sijanyoa. Tyubu nimeiacha hukohuko, nimeona haya kuidai.

Kinyozi Barabara ya 12

Pipa lipo. Njoo kesho na dumu, si chupa.