Mwanafunzi atazame nini, na kwa muda gani, mbele ya mchoro mmoja katika makumbusho?

Mwalimu wa Fasihi

Wanajamvi, salaam. Ninafundisha fasihi katika shule ya sekondari, na muhula ujao nitaongoza kundi la wanafunzi wa umri wa miaka 14 hadi 16 kwenda katika jumba la makumbusho ya sanaa. Katika ziara za namna hii nimezoea kuona mwenendo uleule: mwanafunzi akiingia ukumbini hutupa jicho kwenye mchoro, huinama kusoma kibandiko cha maelezo kilicho pembeni, hupiga picha kwa simu, na mara huyo, ameshaufikia mchoro wa pili. Tukirudi darasani nikawataka waandike kuhusu kazi moja waliyoiona, wengi hunirudishia maneno ya kibandiko, jina la msanii na mwaka, kana kwamba mchoro wenyewe haukuwepo. Wachache wasionakili kibandiko huandika kwamba sanaa ni maoni na kila mtu aone aonavyo, hoja ambayo nisingeikubali hata kidogo kama tungekuwa tunachambua shairi.

Naomba maarifa yenu juu ya mambo mawili. Kwanza, nifanye nini ili wakae mbele ya kazi moja na kuitazama kwa kweli? Pili, niwaongoze vipi katika kufasiri bila kuwapa jibu langu, na bila kukubali kila linalosemwa? Mwalimu mwenzangu wa historia anashikilia kwamba ni lazima wapewe historia ya kila kazi kabla ya kuingia, la sivyo watakuwa wanabahatisha tu. Mimi sijaridhika na rai hiyo, ingawa naona ina uzito.

Mwongozaji wa Makumbusho

Mwalimu, anza kwa kupunguza. Kundi lililopangiwa kuona kumbi sita litakimbia tu, hata liwe na nidhamu kiasi gani. Kwa saa moja na nusu, kazi tatu au nne zinatosha, nawe uzichague mapema kwa kwenda mwenyewe na kuangalia kama mbele ya kila moja pana nafasi ya wanafunzi kuketi sakafuni bila kuwazuia wageni wengine. Haraka unayoilalamikia si ya vijana peke yao. Jeffrey Smith na Lisa Smith waliwapima wageni waliosimama mbele ya kazi mashuhuri katika jumba la Metropolitan la New York, na katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2001 wastani wa kutazama kazi moja ulikuwa sekunde 27 hivi, huku nusu ya watazamaji wakitumia sekunde 17 au pungufu.

Wakishaketi, wape dakika mbili za kimya kabla ya yeyote kusema neno, kisha uulize. Philip Yenawine, aliyewahi kuongoza elimu katika Museum of Modern Art ya New York, na mwanasaikolojia Abigail Housen walijenga mbinu yao yote juu ya maswali matatu: Kuna nini kinachoendelea katika picha hii? Umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Ni nini kingine tunachoweza kukiona? Swali la pili ndilo linalobeba kazi yote, kwa sababu humrudisha msemaji kwenye mchoro. Kazi yako ni kunyoosha kidole mahali anapopataja, kurudia wazo lake kwa maneno yako ili wote walisikie, na kulihusisha na la mwenzake. Usimwambie kwamba amepata au amekosa.

Nikupe mfano. Mchoro wa Hans Holbein Mdogo uitwao Mabalozi, wa mwaka 1533, uliopo katika National Gallery ya London, una zaidi ya mita mbili kwa upana na kwa urefu, na unaonyesha wanaume wawili waliosimama huku na huku kando ya rafu iliyojaa vitu. Mwanafunzi atasema, «Hawa ni matajiri.» Umeona nini? Manyoya kwenye joho, kitambaa kinachong'aa, zulia lililotandikwa juu ya rafu. Mwingine atasema ni wasomi, na atakuonyesha tufe, vyombo vya kupimia na kitabu kilichofunguliwa. Mpaka hapo darasa zima linakubaliana. Mwache basi aliyekaa karibu zaidi atazame ala ya nyuzi iliyo kwenye rafu ya chini, na ataona kwamba uzi mmoja umekatika. Kwa nini msanii aliyechora kila unywele wa manyoya kwa uangalifu mkubwa kiasi hicho aliacha ala mbovu katikati ya fahari yote hii? Ndipo wataanza kuulizia lile umbo refu la kijivujivu lililolala mshazari chini, karibu na miguu ya wanaume hao wawili. Wainue, wasogee mmoja mmoja upande wa kulia mpaka karibu na ukuta, na umbo lile litajikusanya machoni pao na kuwa fuvu la kichwa. Mwanafunzi aliyeyafikia haya kwa miguu yake hahitaji kuambiwa kwamba mchoro huu unazungumzia kifo katikati ya utajiri na elimu. Atakuambia yeye, na ushahidi ataukuta pale pale.

Kuhusu kibandiko, ushauri wangu ni kisubiri hadi mwisho. Ukikitaja mapema, mazungumzo yamekwisha.

Mtafiti wa Historia ya Sanaa

Ninaunga mkono sehemu kubwa ya aliyoyasema Mwongozaji, lakini napinga kibandiko kuachwa hadi mwisho, kama ninavyopinga rai ya mwalimu wa historia kwamba habari zitangulie. Kwa uzoefu wangu, habari hufaa zaidi zikiletwa katikati, wakati macho yameshakusanya vya kutosha na bado yana muda wa kurudi.

Tazameni mchoro wa Mandhari yenye Anguko la Icarus, uliopo Brussels katika Royal Museums of Fine Arts of Belgium, ambao kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa wa Pieter Bruegel Mzee na ambao wataalamu wengi sasa wanauona kuwa nakala ya kazi yake iliyopotea. Mwanafunzi asiyejua jina lake ataona mkulima mwenye shati jekundu akilima kwa farasi, mchungaji aliyeegemea fimbo yake akiwa na kondoo, merikebu yenye tanga lililojaa upepo, na bahari tulivu. Atasema ni siku ya kawaida ya kazi, na atakuwa na haki. Mwanafunzi aliyesoma jina kwanza atatafuta mtu anayeanguka, atakuta miguu miwili midogo ikizama majini pembe ya chini kulia, atafurahi, na ataondoka. Mkulima hatamwona kabisa, ingawa ndiye mkubwa kuliko wote mchoroni.

Sasa waache dakika kumi na mkulima na mchungaji, kisha uwasomee jina na kuwapa kisa cha kijana aliyepaa kwa mbawa za nta, akalikaribia mno jua na kuanguka baharini. Yale waliyokwisha kuyaona yatabadilika uzito papo hapo. Mbona mkulima hageuki? Mbona merikebu inaendelea na safari? Mbona mchungaji ameinua uso kutazama angani, ilhali anayezama yuko nyuma yake? Swali hili la mchungaji ni zito kweli, kwa sababu katika jumba la Van Buuren, katika mji huohuo, ipo nakala nyingine ambamo Daedalus, baba wa kijana, bado anaruka angani. Mwanafunzi anayeuliza mchungaji anatazama nini amefika, kwa jicho lake, kwenye jambo ambalo wataalamu nao hulijadili. Asingefika bila kisa, na asingefika kama kisa kingetangulia.

Kuna kazi nyingine ambazo jicho lisilo na habari litazikosea haki, hasa zilizotolewa katika matumizi yake na kuwekwa nyuma ya kioo. Mbele ya sanamu za nkisi nkondi za Wakongo, zenye misumari na vipande vya chuma vilivyogongomelewa kifuani na tumboni, wanafunzi wengi husema kwa haraka kwamba ni mtu anayeteswa. Msikatae mara moja. Waulizeni uso unasema nini, mwili umesimama vipi, mikono iko wapi. Nyingi kati ya sanamu hizi zina macho makali yaliyo wazi, na baadhi zimeshika kiuno na kuinamia mbele, na hakuna anayeteswa anayesimama hivyo. Waulizeni pia kama misumari yote inafanana. Mingine ni myembamba, mingine ni bapa kama visu, mingine imefungwa vitambaa, na haionekani kuwa ilipigwa siku moja. Hapo ndipo mwaeleze kwamba kila chuma kilipigwa kwa ajili ya kiapo, mapatano au shauri lililoletwa mbele ya mganga, na kwamba kioo kilichopo tumboni kwa kawaida hufunika dawa. Tayari wanafunzi wameona kwamba sanamu ina mamlaka na kwamba mikono mingi imeipitia. Habari imewapa sababu ya walichokiona. Lakini hakuna idadi ya dakika za kutazama ambayo ingewafikisha kwenye neno kiapo. Mwenzako wa historia ana haki kwa kiasi hicho.

Mwalimu wa Uchoraji

Nitasema kuhusu mikono na simu, kwa kuwa wenzangu wamegusa macho na masikio tu.

Linda Henkel alichapisha mwaka 2014 matokeo ya majaribio aliyoyafanya katika makumbusho, ambapo watu walipiga picha baadhi ya vitu na vingine wakavitazama tu. Vile walivyovipiga picha nzima walivikumbuka kwa uchache zaidi, pamoja na maelezo yake madogomadogo. Lakini walipotakiwa kuvuta karibu sehemu moja tu ya kitu na kuipiga picha, upungufu huo haukutokea. Kwa hiyo sioni haja ya kupiga simu marufuku. Waambie wazitumie baada ya mazungumzo, na kila mmoja apige picha ya sehemu moja isiyozidi ukubwa wa kiganja, ile ambayo fasiri yake inaitegemea. Ukizikusanya picha hizo darasani utajua mara moja nani alikuwa anatazama.

Kabla ya simu, hata hivyo, itangulie penseli. Wino haufai, na majumba mengi hayauruhusu karibu na kazi. Wape dakika kumi na tano wachore kwa mistari tu, bila kivuli na bila kufuta, na uwaambie wazi kwamba uzuri wa michoro yao hautahesabiwa. Anayechora analazimika kuamua kiwiko kinaishia wapi na kivuli kinaanguka upande gani, na maamuzi hayo madogo ndiyo yanayomfundisha msanii alikuwa anaamua nini. Jennifer Roberts, mwanahistoria wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Harvard, huwataka wanafunzi wake wakae mbele ya kazi moja kwa saa tatu nzima. Yeye mwenyewe ameeleza jinsi, mbele ya mchoro wa John Singleton Copley wa mwaka 1765 unaoonyesha mvulana na kindi, ilivyomchukua dakika tisa kugundua kwamba umbo la sikio la mvulana linarudiwa katika manyoya ya tumbo la kindi. Sikushauri saa tatu kwa watoto wa miaka 14. Lakini dakika tisa zile nazipenda sana, kwa sababu zinaonyesha kwamba kuona nako kuna hatua zake, hata kwa mtaalamu, na penseli humpa mwanafunzi sababu ya kubaki mpaka hatua ya pili ifike.

Mwalimu wa Fasihi

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Nitachagua kazi tatu, na nimeshaelewa kwamba habari nitazishikilia mpaka katikati. Bado nina jambo moja linalonisumbua, nalo ni kutathmini. Mwanafunzi akitoa fasiri yenye ushahidi mmoja halali, lakini ambayo mimi naona imepotoka, niipe alama gani? Na wale wasiofungua kinywa mbele ya wenzao nitajuaje kama wametazama?

Mtafiti wa Historia ya Sanaa

Ipime kama unavyopima uchambuzi wa shairi: uliza fasiri hiyo inaeleza sehemu kiasi gani ya kazi, na inaacha nini nje. Anayesema Mabalozi ni sifa kwa utajiri ana ushahidi mwingi, ila hana la kusema juu ya fuvu, wala juu ya msalaba mdogo unaochungulia nyuma ya pazia la kijani kwenye pembe ya juu kushoto. Fasiri yake si ya uongo, ila ni fupi kuliko mchoro, na hivyo ndivyo ningemwandikia. Fasiri inayopingwa waziwazi na kinachoonekana, kama ile ya mtu anayeteswa, hiyo ni makosa, na mwanafunzi anastahili kuambiwa hivyo kwa heshima, akionyeshwa mahali inapovunjikia.

Mwongozaji wa Makumbusho

Juu ya hilo sina ubishi, mradi aambiwe darasani baadaye na si ukumbini mbele ya wenzake, maana ukumbini akisahihishwa mmoja hunyamaza kumi. Kuhusu wakimya, wapange wawiliwawili kabla ya mazungumzo ya wote: mmoja aupe mchoro kisogo na kumwuliza mwenzake, mwingine autazame na kumweleza, kisha wabadilishane. Pita nyuma yao usikilize. Katika kazi ya kuandika, wape sharti moja zaidi: kila mmoja ataje kitu kimoja alichokiona mchoroni ambacho fasiri yake mwenyewe imeshindwa kukieleza, na aseme kiko sehemu gani. Aliyenakili kibandiko hataweza kulijibu.