Sindano ya kupunguza uzito na pumzi kunikatika: nisubiri au niende hospitali?

MamaKwaya
Wapendwa, habari za leo. Naandika kutoka Goma, naishi Katindo. Nina miaka 39 na watoto wanne, kazi yangu ni vitenge pale soko la Virunga. Naomba mnisome mpaka mwisho maana sina wa kumwambia.

Mwezi wa tatu mizani ilisoma kilo 108. Magoti yalishakataa ngazi, presha nayo ilikuwa inapanda. Dada mmoja tunayejuana kwa WhatsApp akaniletea vichupa vya unga mweupe, kila kimoja kimeandikwa tirzepatidi 10 mg. Akanieleza kuwa ni dawa ileile ya Mounjaro, ila haina kalamu yake ya kujichomea, ndiyo maana bei yake sisi tunaiweza. Natia maji ya sindano, nazungusha kichupa taratibu mpaka unga uyeyuke, navuta kwa bomba la insulini hadi mstari wa 50, najichoma tumboni kila Jumamosi watoto wakishalala.

Hii ni wiki ya saba. Nimefika kilo 99, sketi za zamani zinaingia. Lakini nimetapika sana hadi maji nayaogopa. Wiki iliyopita nilipanda boti kwenda Bukavu kufuata mzigo, kwenda na kurudi nimekaa tu kwenye kiti, hata chai sikugusa.

Leo ni siku ya nne pumzi hainitoshi. Jumapili kwaya ilipoanza wimbo wa kwanza sikumaliza ubeti. Sauti ilikatika katikati ya mstari, nikashika benchi la mbele. Kukunja kitenge cha yadi sita napumzika mara mbili. Moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa, na nikivuta hewa kwa nguvu kuna kichomi upande wa kulia. Kingine, sijui kama kina maana: kandambili ya mguu wa kushoto inanibana tangu juzi, ukanda unaacha alama.

Je, ni dawa hii? Nikiruka sindano ya Jumamosi itapita yenyewe? Mume wangu hajui kitu. Munganga, yaani daktari wangu wa presha, naye nilimficha.

Wa_Birere
Mama, pole sana. Iyo iko mazuku, ile gaz mubaya ya kutoka mu udongo. Kwenu hapana shimo pembeni ya nyumba? Watoto wasilale chini, mufungue madirisha usiku. Nyuma ya volkano ya 2021 batu mingi balisikiyaka vile.

DadaWaBukavu
Pole dada yangu. Mimi nilitumia semaglutidi ya kalamu, nayo ni sindano ya kupunguza uzito, niliandikiwa na daktari. Mwezi wa kwanza wote ni 0.25 mg tu kwa wiki, ndipo wakapandisha. Kichefuchefu kilinitesa, harufu ya sombe peke yake ilinitoa jikoni, lakini pumzi haijawahi kunikatika. Ningekuwa wewe ningepunguza kipimo, ninywe tangawizi, nione Jumamosi inakuwaje.

Muuguzi_Urjansi
Mama, usisubiri Jumamosi. Nimefanya kazi ya urjansi, kwa wagonjwa wa dharura, miaka kumi na mmoja na maelezo yako yamenitia wasiwasi. Nijibu haraka: mguu wa kushoto, ukiupima kwa utepe wa mshonaji pale kwenye nyama ya nyuma, unaupita wa kulia? Unauma ukiubonyeza? Unatumia vidonge vya kupanga uzazi? Na kile kichupa, unatia maji kiasi gani?

Ndugu wa Birere, asante kwa kujali, lakini mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala mabondeni na mashimoni kama kule upande wa Lac Vert. Ingekuwa imeingia nyumbani kwa Mama, watoto wanaolala chini na mbuzi wangeanguka kabla yake. Na isingemfuata kanisani.

MamaKwaya
Nimepima. Kushoto sentimita 41, kulia 37. Unauma ndiyo, nilidhani ni kwa sababu ya kubeba mzigo. Vidonge natumia mwaka wa tatu sasa. Maji natia ml 1, dada alisema moja inatosha.

Muuguzi_Urjansi
Nenda hospitali sasa hivi. Si kesho asubuhi. Usitembee, na usipande pikipiki. Tafuta teksi, mtu mzima akusindikize.

Nakueleza sababu ili usione ninakutisha. Mguu mmoja uliovimba, pumzi isiyotosha, kichomi ukivuta hewa, moyo kwenda mbio: vikikutana hivyo tunaogopa damu iliyoganda mguuni, kipande kikakatika na kupanda hadi kwenye mapafu. Hilo linaua, na linatibika likiwahiwa. Uzito mkubwa unasogeza hatari hiyo, vidonge vya uzazi vyenye estrojeni vinaisogeza, mwili kukauka maji kwa kutapika vilevile, na kukaa masaa kwenye boti bila kunyoosha miguu. Wewe unavyo vyote vinne.

Kipimo nacho hakikuwa sawa. Bomba la insulini lina mistari 100 kwa ml 1. Ukitia ml 1 kwenye unga wa mg 10, mstari wa 50 ni mg 5. Ungetia ml 2, mstari uleule ungekuwa mg 2.5, na hapo ndipo watu huanzia, wiki nne nzima, kabla ya kupanda kwenda 5. Wewe ulianza na mara mbili yake siku ya kwanza. Sishangai ulitapika hivyo. Hapo tunadhani kilichomo ni kile kilichoandikwa nje, jambo ambalo mimi siwezi kukuhakikishia.

Kuruka sindano hakutakusaidia leo. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, baada ya siku tano hivi nusu yake bado iko ndani. Kwa hiyo kuiacha ni sawa, lakini kuiacha siyo matibabu ya pumzi.

Beba kichupa chenyewe, bomba, na pakiti ya vidonge. Uwaambie yote. Munganga akifichwa anatafuta malaria na nimonia huku muda unakwenda.

Shemeji_Himbi
Naunga mkono, aende. Mdogo wa mke wangu alijichoma sindano ya aina hii, haikupita nusu saa midomo ikavimba, mwili ukatoka madoa ya kuwasha, akawa anapumua kwa mluzi. Ilikuwa aleji. Wakamchoma adrenalini palepale. Kama tungesema apumzike kwanza tungemzika.

Muuguzi_Urjansi
Ndiyo, hiyo ni njia nyingine ya dawa hizi kuleta shida ya pumzi. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea unahesabu dakika. Ya Mama imekuja polepole na imeshika mguu mmoja. Mama, umeshatoka nyumbani?

MamaKwaya
Niko kwenye teksi na mume wangu. Nimemwambia. Mniombee.

MamaKwaya (siku nane baadaye)
Wapendwa, nimetoka hospitali jana. Naandika nimekaa kitandani, mguu uko juu ya mto.

Kwenye urjansi walinishika kidole na kile kipimo cha oksijeni, kikasoma 88. Muuguzi akaangalia tena kidole kingine, kikasoma vilevile, akaniwekea oksijeni puani kabla hajaniuliza jina. Wakanipitisha kwenye ekografi ya mguu, ile picha ya mawimbi ya sauti, na munganga akanionyesha kwenye skrini: mshipa ambao unapaswa kufunga ukibonyezwa, wangu haukufunga. Damu iliganda humo ndani. Kwa pumzi niliyokuwa nayo walinitibu kama mtu ambaye kipande kimeshafika kwenye mapafu. Sindano za kuzuia damu kuganda asubuhi na jioni, sasa nimepewa vidonge vya angalau miezi mitatu. Vile vya uzazi wameviacha kabisa, tutatafuta njia nyingine isiyo na estrojeni.

Kile kichupa nilikifunga kwenye kitambaa nikakitoa kwa aibu. Munganga hakunigombeza. Alikigeuza mara tatu akitafuta jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Hakuna hata kimoja. Hakusema kuwa dawa ndiyo iliyogandisha damu. Alisema vitu vimekutana, na kutapika kule kumeukausha mwili wangu wakati mbaya. Nilikuwa natafuta kitu kimoja cha kulaumu, hakunipa.

Mume wangu alipofika nyumbani kuchukua nguo zangu alifungua frigo, akatoa vichupa viwili nilivyovificha ndani ya kopo la sambaza. Amevipeleka hospitali pia. Tangu siku ile tunazungumza kuhusu uzito wangu waziwazi, na kwa miaka kumi na tano hatukuwahi.

DadaWaBukavu
Namshukuru Mungu. Na naomba radhi, mimi ndiye niliyekwambia usubiri. Nilisoma habari ya mguu nikaipita.

Wa_Birere
Aksanti Mungu. Nimesikia, Mama.

Shemeji_Himbi
Muuguzi, samahani, swali langu liko karibu na hili. Dada yangu anatumia hizi sindano na mwezi ujao atapasuliwa kibofu cha nyongo. Ni lazima aseme?

Muuguzi_Urjansi
Lazima, na aseme mapema, asisubiri asubuhi ya operesheni. Sindano hizi zinachelewesha chakula tumboni. Mtu anaweza kufunga kula usiku mzima na bado tumbo lina kitu. Akilazwa usingizi wa ganzi, kile kitu kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Mwenye kumlaza ndiye ataamua kama waache dawa kwanza, ale vitu vya majimaji siku ya mwisho, au waahirishe. Amtajie jina la dawa, kipimo, na siku aliyochoma mara ya mwisho.

MamaKwaya, kipimo cha damu cha kwanza umepangiwa lini?

MamaKwaya
Alhamisi, saa mbili asubuhi. Mume wangu atanipeleka.