Ushauri: mhusika wangu anaita wafu wa Kigiriki, nimekosea wapi?

Kalamu Kavu
Wakuu, naandika igizo. Mgiriki wa kale anataka kuongea na mbashiri aliyekufa. Nimemsimamisha madhabahuni, kainua mikono, anamwomba Hades mungu wa kifo, kisha anamtupia Charon, mvushaji wa wafu, sarafu. Nirekebisheni.

Dhiraa Moja
Karibu kote, mkuu. Mikono juu ni ya Zeus na wenzake wa mbinguni. Wa kuzimu huitwa chini: kwa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, mwanamke Althaia anapiga ardhi kwa viganja akimwita Hades na mkewe Persephone.

Madhabahu yaondoe, chimba shimo. Odysseus, shujaa wa Homer, alilichimba kwa upanga, kama dhiraa moja kila upande. Akamimina kwa wafu wote asali iliyochanganywa na maziwa, kisha divai tamu, kisha maji, akanyunyizia unga mweupe wa shayiri. (Jukwaani sembe inatosha, nani atajua?) Ndipo kondoo wawili, dume na jike jeusi, vichwa vikielekea Erebos, giza la kuzimu, mchinjaji akigeuza uso. Damu iingie shimoni. Mizoga ichunwe iteketezwe, mtu asionje.

Kalamu Kavu
Na wakija wafu wote kwa mpigo?

Dhiraa Moja
Watakuja tu, na kelele zao. Akae na upanga mkononi awazuie mpaka mbashiri Teiresias anywe. Hata mama yake Odysseus, Antikleia, anazuiwa: amekaa kimya kando ya damu, wala hamtambui mwanawe mpaka ainywe. Hapo usiharakishe. Elpenor, mwenzake Odysseus, anaongea bila kunywa. Maiti yake ilikuwa bado haijazikwa.

Bibi Kamusi
Hades si kifo, ni mtawala wa waliokwisha kufa. Kifo ni Thanatos, pacha wa Hypnos, yaani Usingizi. Na jina la Hades watu walilikwepa, wakasema Plouton, jina lenye utajiri ndani yake. Charon mfute: kwa Homer hayumo. Oboli, sarafu ndogo ya Kigiriki, ilitiwa mdomoni mwa maiti, haikutupwa shimoni.

Mzee wa Pazia
Kumfuta kabisa nakataa. Inategemea zama. Kama igizo ni la Athens ya karne ya 5 KK, Charon anajulikana vizuri. Mwaka 405 KK Aristophanes, mwandishi wa vichekesho, alimpandisha jukwaani akitoza oboli mbili badala ya moja.

Kalamu Kavu
Zama za Odysseus. Charon ashuke, kondoo wapande.