Malaika si wimbo wa Makeba, wala si "wimbo wa asili". Acheni kupotosha historia ya rekodi zake!

Wakuu, heshima kwenu.

Nimevumilia vya kutosha. Kila mtu akipandisha Malaika mtandaoni, maelezo ni yaleyale: "Miriam Makeba, rekodi ya kwanza", yaani yule mwimbaji wa Afrika Kusini. Ukishuka kidogo unakuta mwingine kaandika "wimbo wa asili wa Afrika, mtunzi hajulikani". Hajulikani na nani? Wewe umemtafuta wapi ukamkosa?

Tuanze na rekodi. Fadhili William, mtoto wa Kitaita, aliurekodi mwaka 1960 akiwa na kundi lake la Jambo Boys. Baadaye akaurudia Equator Sound Studios pale Nairobi, studio ya Mwingereza Charles Worrod, ambako pia alikuwepo mwanamuziki Daudi Kabaka. Worrod alijua biashara, na akausukuma wimbo ukafika mbali. Kwa hiyo rekodi za Fadhili mwenyewe tu ni zaidi ya moja, na hapo ndipo wapandishaji wetu wanapovuruga mambo. Mmoja anachukua ya Equator, anaandika 1960, anaondoka zake. Mwingine kaokota kanda ya bendi ya hoteli za Pwani, zile walizokuwa wakiuziwa watalii, kaibandika picha ya Fadhili. Ukimuuliza kaitoa wapi anakujibu, "Mkuu, si wimbo ni uleule tu?" Siyo uleule! Gitaa siyo lile, koo siyo lile, hata mwendo wa ngoma siyo ule. Mtu mwenye masikio anasikia tofauti kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

Sasa Makeba. Namheshimu sana Mama Africa, na wanaotaka kunirukia kwa hilo wapumzike. Lakini albamu alimouimba pamoja na Harry Belafonte, An Evening with Belafonte/Makeba, ilitoka 1965 na ikachukua tuzo ya muziki ya Grammy mwaka uliofuata. 1960 na 1965, ipi inatangulia? Hili nalo linahitaji kalamu? Kwamba dunia iliusikia kwa Makeba sibishi hata kidogo. Baada yake wengine wakaukimbilia: Hep Stars wa Uswidi (kundi la Benny Andersson kabla hajaingia ABBA) waliuimba miaka hiyohiyo ya 60, Boney M wakaupiga kidisko mwaka 1981, kisha Angélique Kidjo wa Benin akauweka kwenye albamu yake ya Logozo mwaka 1991. Wa Boney M siupendi, nasema wazi, lakini hayo ni yangu. Ninachokataa ni mtu kuchukua redio ya Ulaya kuwa ndiyo kipimo cha nani kaanza.

Halafu kuna sisi wenyewe, Watanzania na Wakenya. Hapa ndipo hasira yangu inapanda kabisa. Mkenya akiandika "Fadhili", Mtanzania anarukia "Adam Salim, mmetuibia", na baada ya hapo wimbo umesahaulika, watu wako kwenye Kilimanjaro ni ya nani na nani ana Kiswahili safi. Mimi ni Mtanzania na nawaambia Watanzania wenzangu: mnabishana vitu viwili tofauti kwa wakati mmoja. Salim alidai aliutunga katikati ya miaka ya 40, akiwa Nairobi, kwa uchungu wa binti aliyempenda akaozeshwa mtu mwenye fedha. Fadhili naye alishikilia mpaka mwisho kwamba wimbo ni wake. Wapo wanaomtaja Grant Charo, wapo wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Sawa. Fadhili alizaliwa 1938, kwa hiyo kama maneno ya Salim ni kweli, wimbo ulitungwa Fadhili akiwa mtoto wa kukimbizana na mbuzi, na hakuutunga yeye. Hilo linamwondolea utunzi. Rekodi ya 1960 halimwondolei! Mtu anaweza kutunga akaimba barazani maisha yake yote, na mwingine akaja akaingia studio. Anayesema Salim alirekodi kwanza alete santuri, siyo hadithi ya mjomba.

Na Wakenya nanyi msicheke. Kuwa na santuri ya kwanza si ushahidi wa kutunga. Lebo ya santuri inakuonyesha nani alisimama mbele ya kipaza sauti siku hiyo, na jina la mtunzi likiandikwa pale, limeandikwa kama studio ilivyoambiwa.

Kuna watakaoniambia "mkuu, wimbo wa zamani huo, unapaniki nini?" Napaniki kwa sababu ya mrabaha, yaani fedha anazolipwa mwenye haki wimbo wake unapotumika. Mwimbaji ana haki yake, na mtunzi ana yake, mbali kabisa. Mkiandika "wa asili" mnamfuta mtunzi, maana wimbo wa asili hauna wa kumlipa. Na anayeupanga upya anaweza kujiandikisha kwa mpangilio wake akala peke yake kihalali. Fikirieni, wimbo wa kijana aliyekosa mahari umezilisha studio za mabara mawili, na huku waliouzaa bado wanagombania jina. Fadhili alifariki Nairobi mwaka 2001, kabla hata hizi tovuti za video hazijaanza. Hawezi kuja kuandika "jamani, hiyo siyo sauti yangu" chini ya video zenu.

Kwa hiyo ombi langu, tena si ombi: ukipandisha, andika nani anaimba, bendi ipi, studio ipi, mwaka upi. Huujui mwaka? Acha wazi, hakuna atakayekufunga. Kwenye mtunzi andika kwamba kuna mgogoro na utaje majina ya wanaodai.

Na kama kuna mdau ambaye babu yake kaacha santuri ya Jambo Boys kabatini, tafadhali piga picha lebo pande zote mbili, pamoja na namba zilizochorwa kwenye ule mduara usio na mistari ya sauti karibu na lebo, uziweke hapa. Wenye "wimbo ni wetu" bila santuri, uzi wa kubishania Kilimanjaro uko palepale, nendeni mkamalizane huko.