Ferguson TE20 ya 1948: nirudisheje umeme wake wa asili wa volti 6?

Mkulima wa Cherangani

Nawasalimu nyote. Ninalo trekta la Ferguson TE20 lililotengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1948, ambalo marehemu babu yangu alilinunua kwa mlowezi mmoja wa Kitale aliyekuwa akirejea kwao. Injini yake ya petroli, ile ya Continental, ingali nzima, na mwezi uliopita nilimaliza kulipaka upya rangi yake ya kijivu. Kinachonishinda ni umeme. Miaka kadhaa iliyopita fundi mmoja aliondoa waya zote za asili zilizovikwa kitambaa, akaweka waya nyembamba za plastiki za rangi moja, kisha akafunga betri huku upande wa hasi ukiwa kwenye bodi kama ilivyo katika magari ya siku hizi. Tangu hapo amita, ile saa ya kupimia umeme wa betri, haijawahi kuonyesha chaji, na nikisukuma mkono wa gia hadi kwenye S, mahali pa kuwashia injini, stata huzunguka kwa kujikokota ingawa betri ni mpya. Majirani wananihimiza nihamie volti 12. Mimi ningependa lirudi kama lilivyotoka kiwandani, na liweze kujiendesha lenyewe hadi kwenye maonyesho ya kilimo. Nianzie wapi?

Fundi Mstaafu, Nakuru

Mwanangu, usinunue kitu chochote kwanza. Trekta hilo lilikusudiwa liwe na chanya kwenye bodi, kwa hiyo geuza betri, lakini usiwashe injini kabla ya kuielekeza upya dinamo, yaani mashine inayozalisha umeme wa kuchaji betri. Chuma cha ndani ya dinamo hubaki na usumaku kidogo, na usumaku huo ndio unaoamua upande upi utoe chanya na upi utoe hasi. Ukigeuza betri peke yake, dinamo itaendelea kuzalisha kinyume, na pale swichi ya kukata chaji iliyo ndani ya kisanduku cha kudhibiti itakapofunga, betri na dinamo zitasukuma umeme mwingi kwa pamoja na kuziunguza platini zake, yaani vile vipande vinavyogusana. Nimeviona visanduku vilivyogandana kwa sababu hiyo, na mwenye trekta akidhani ameuziwa kitu kibovu.

Kazi yenyewe ni ndogo. Chomoa waya wa F kwenye dinamo (ncha ya koili ya usumaku), chukua waya kutoka ncha hai ya betri, ile isiyofungwa kwenye bodi, ambayo sasa itakuwa hasi, uugusishe kwenye F mara mbili tatu kwa muda mfupi. Utaona cheche ndogo, usishtuke. Kisha chomoa na D (ncha ya kutoa umeme), unganisha D na F kwa kipande cha waya, weka mita kati ya hapo na bodi, na uongeze mwendo wa injini polepole. Volti zinapaswa kupanda upesi bila kuyumba, nawe usiziache zipite 10. Zisipopanda, tazama kaboni na uisafishe komyuteta, ile shaba inayozunguka chini ya kaboni, kwa msasa laini kabla ya kuilaumu koili ya ndani.

Koili ya moto nayo igeuze waya. Ikiwa ni koili ya kisasa yenye alama za chanya na hasi, chanya iende kwenye distribyuta na hasi iende kwenye swichi, ili ncha ya kati ya plagi ibaki hasi. Injini itawaka hata ukikosea, ila cheche itakuwa dhaifu.

Mwana wa Njoro

Kwa heshima ya mzee wangu hapo juu, mimi nilihamisha la kwangu kwenda volti 12 na altaneta, kizalishaji cha umeme cha kisasa, na sijutii, kwa sababu linalima kila msimu na betri ya volti 6 si kitu unachokipata katika kila duka. Gharama yake ni balbu zote, koili, na stata inayorushwa kwa nguvu kuliko ilivyoundwa kustahimili. Ila ukichagua njia hiyo, hasi lazima iende kwenye bodi, maana altaneta ya kawaida ikifungiwa betri kinyume huunguza daiodi zake papo hapo.

Fundi Mstaafu, Nakuru

Kwa trekta la kulima kila siku sina ubishi nawe. Lakini mwenzetu ameuliza la asili, na stata yake haichoki kwa sababu ya volti 6, bali kwa sababu ya njia ya umeme. Chukulia stata inavuta ampea 200 na mahali fulani pana ukinzani wa ohmu 0.005: volti moja nzima inapotea hapo. Katika volti 12 hiyo ni sehemu moja ya kumi na mbili, na hutaiona. Katika volti 6 ni moja ya sita, nayo ndiyo kujikokota unakokuona. Waya za betri zinazouzwa kwa magari madogo ni nyembamba mno. Tafuta zenye milimita za mraba 70. Kisha, mwenzako akisukuma gia kwenye S, pima kati ya ncha ya chanya ya betri na mwili wa stata. Ukipata zaidi ya volti 0.2, kuna kasoro upande huo.

Kuhusu waya za kitambaa, fuata rangi za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme vya magari: kahawia kwa umeme wa betri, nyeupe kwa moto wa injini, njano kwa D, njano yenye mstari wa kijani kwa F, nyekundu kwa taa ndogo na bluu kwa taa kubwa.

Mkulima wa Cherangani

Mzee wangu, nimepima. Dinamo imepanda hadi volti 8 bila kuyumba, na amita sasa inaelekea upande wa chaji. Kati ya chanya ya betri na stata nilipata volti 0.9, nikashangaa, kwani waya ule ndio mnene kuliko zote. Nilipoufungua mwisho wake nikakuta nimeufunga juu ya rangi yangu mpya. Stata yenyewe nayo nilikuwa nimeikaza juu ya rangi. Nimekwangua hadi chuma kikang'aa, nikapaka grisi kidogo, nikapima tena: 0.15. Imewaka kwa mzunguko wa pili.