Wauza mashine za kupima magari hapa Arusha, acheni kutudanganya! Kufuta taa ya injini siyo kuriseti sevisi

Wakuu, nimepigwa shilingi 275,000 ndani ya wiki tatu, na hela siyo hata kinachoniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba ilibaki kidogo nipate ajali pale daraja la Kikafu, watoto wangu wawili wakiwa siti ya nyuma, kwa sababu ya taa ya dashibodi ambayo kila mtu alitaka kunizimia na hakuna aliyetaka kuisoma.

Naishi Sakina, kazi yangu iko Moshi, kwa hiyo ile barabara ya Arusha na Moshi naipiga karibu kila wiki. Gari ni BMW 320i ya 2008, ile mwili wa E90, limetoka Japani. Mwezi uliopita likaanza kuonyesha alama ya gari lililonyanyuliwa, na pembeni yake alama ya breki. Njano kwanza. Baada ya siku chache ikawa nyekundu.

Nikaenda gereji ninayoitumia siku zote, upande wa Mbauda. Fundi akaangalia mara moja tu, akasema pedi zimeisha, akafunga pedi mpya mbele, nikalipa. Kuwasha gari, taa iko palepale. "Dada, hiyo sasa inataka mashine tu." Akachomeka kidude chake chini ya usukani, akabonyezabonyeza dakika tano, akachukua 50,000 ya kupima, na taa bado inawaka. Akaniambia mashine yake haina uwezo wa kufika huko, bora ninunue ya kwangu, itanifaa hata mbele ya safari.

Nikaingia duka moja mjini. Kijana pale namkumbuka neno kwa neno: "Dada, hii inafuta kila kitu. Injini, ABS, airbegi, sevisi, kila kitu." Nikamuuliza mara mbili, gari langu ni BMW na taa ni ya sevisi ya breki, itafuta? Akasema itafuta. Nikatoa 35,000. Kidude cha bluu kinachoonyesha mpaka ndani, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, kimeandikwa V1.5. Nyumbani nikakiunga na simu kwa Bluetooth, kikanionyesha mzunguko wa injini, joto la maji, na kikasema gari halina kosa lolote. Nikabonyeza futa. Kikajibu kimefaulu. Taa nyekundu inanitazama.

Kurudi dukani, kijana yuleyule kabadilisha maneno. Sasa eti gari langu ni la Kijerumani, linataka ile kubwa. Mbona juzi nilikutajia aina ya gari? Kimya. Kubwa ni 190,000, ina kioo chake na waya mnene, na kwenye boksi kuna orodha ndefu ya magari. Nikanunua, ndiyo, maana nilikuwa nimeshachoka na ile taa. Usiku nikaenda nayo uani na tochi ya simu. Ikakubali kuriseti oili! Oili ambayo haikuwa na shida, niliimwaga kilomita 3,000 zilizopita! Sasa dashibodi inahesabu upya kutoka kilomita 25,000 kama vile nimemwaga leo, na mimi nabaki kutegemea karatasi niliyobandika mlangoni. Breki za nyuma ikajibu imeshindikana. Nikajaribu mara nne. Imeshindikana.

Nikapiga simu dukani. "Labda haijasasishwa, ongeza 60,000 tukusasishie." Hapo nikakata simu.

Jumapili iliyofuata natoka Arusha na watoto. Bomang'ombe tumepita vizuri. Pale unapoanza kushuka kuelekea Kikafu nikakanyaga breki, nikasikia chuma kinakwangua chuma, nyuma kulia, sauti ya kusaga ambayo mwanangu mkubwa aliziba masikio. Gari lilipungua, lakini lilivuta upande, na mbele yangu kuna lori. Wanaoijua ile sehemu wanajua nasema nini. Nilivuka daraja mikono inatetemeka, nikaenda mwendo wa baiskeli mpaka Moshi mjini.

Moshi nikaelekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima. Hakugusa mashine yoyote. Alikaa kwenye siti, akaweka swichi bila kuwasha injini, akasoma alama, akaniuliza, "Mama, nani alikubadilishia za mbele? Gari linasema za nyuma." Akapiga jeki, akatoa tairi la nyuma kulia. Pedi ya ndani haikuwa pedi tena, ni kile kibati kitupu kinang'aa kama kisu kilichonolewa, na diski imechimbwa mifereji unayoweza kuingiza ukucha. Halafu akachomoa kitu akaniwekea kiganjani: kiwaya chembamba chenye kichwa cha plastiki ukubwa wa punje ya hindi. Kichwa kimelika nusu, na katikati unaona nyuzi za waya zimekatika. "Hii ndiyo imekataa, siyo mashine."

Akanieleza, na nimeshalihakikisha mwenyewe. Kwenye E90 kuna sensa mbili za pedi, moja mbele kushoto, nyingine nyuma kulia. Pedi ikiisha, diski inaanza kula kile kichwa cha sensa mpaka waya unakatika. Ukishakatika, gari linajua. Na halitakubali kuriseti breki hizo mpaka liione sensa mpya, hata ulete mashine ya milioni. Ile "imeshindikana" niliyoipata mara nne usiku uani ilikuwa gari linakataa kudanganywa! Na mimi nilikuwa natafuta kifaa chenye nguvu zaidi cha kulidanganya, kwa ushauri wa watu wanaojiita mafundi.

Akafunga diski mbili, pedi na sensa. Kisha akariseti kwa kitufe. Wakuu, KITUFE. Kile kidogo cha dashibodi tunachotumia kurudisha kilomita za safari kuwa sifuri. Swichi imewekwa, injini imezimwa, ukishikilia kama sekunde kumi zinakuja alama za sevisi, unabonyeza kupita moja moja mpaka ufike kwenye breki za nyuma, unashikilia tena, linakuuliza, unashikilia kuthibitisha. Imeisha. Angalizo moja alilonipa: tarehe ya gari iwe sahihi kwanza, maana betri likitolewa tarehe inapotea na kuriseti kunaweza kugoma. Yangu ilikuwa inasoma mwaka wa nyuma kabisa.

Kwa hiyo 50,000, 35,000 na 190,000 zote zimelipwa kwa kazi ambayo gari linaifanya lenyewe bure.

Sasa nizungumze na wauzaji, maana najua mnapita humu. Mnajua vizuri kabisa mnachokiuza. Lile tundu la pini 16 chini ya usukani na lugha ya OBD2, ile gari linayozungumza na mashine ya kupima, vililetwa kwa ajili ya moshi wa magari. Marekani ililazimisha kwa magari yote madogo mapya kuanzia 1996, Ulaya ikafuata 2001 kwa ya petroli na baadaye kidogo ya dizeli. Sheria ilitaka mtu yeyote, kwa kifaa chochote, aweze kusoma makosa ya injini yanayochafua hewa. Basi. Ndiyo maana kidude cha 35,000 kinasoma namba ya kosa kama P0420 ya kwenye BMW sawasawa na ya kwenye Toyota. Lakini hesabu ya sevisi siyo kosa la injini. Iko kwenye kompyuta ya dashibodi, na kila kiwanda kimeiwekea lugha yake. Ile sheria haikumlazimisha mtu yeyote kuifungua. Kwa hiyo ukimwambia mteja "inafuta kila kitu" unadanganya, siyo kwamba umekosea.

Na hiyo V1.5 nayo. Chipu ya ndani inayokifanya kizungumze na gari, ELM327, ilikuwa ya kampuni ya Kanada, Elm Electronics, na hao hawakuwahi kutoa toleo la 1.5. Walitoka 1.4 wakaenda 2.0. Yaani namba iliyoandikwa juu ya kidude inakwambia yenyewe kwamba ni nakala. Siyo kila nakala ni mbovu, ya kwangu inasoma joto la maji vizuri tu. Ila muuzaji anayejua hilo na bado anakuapia kuwa ni orijino, huyo ni tapeli.

Nilipodai hela yangu nikaambiwa boksi limeshafunguliwa. Ningejuaje haifanyi kazi bila kulifungua? Risiti niliyopewa ni ya kuandikwa kwa kalamu, siyo ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na kosa hilo nakubali ni langu pia kwa kutoidai palepale. Lakini Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na boksi kufunguliwa hakufuti uongo uliosemwa kabla halijafunguliwa.

Kwa ambaye bado anataka kununua kifaa cha nyumbani, mimi sisemi usinunue. Ila kwanza tafuta kitabu cha gari lako usome kama sevisi inarisetiwa kwa vitufe, maana magari mengi sana yako hivyo. Ukikuta kitufe hakitoshi, nunua kifaa cha ukoo wa gari lako, siyo cha "magari yote". Wenye Volkswagen, Audi na Skoda wana VCDS ya Ross-Tech, programu ya kompyuta na waya wake, inaingia mpaka kwenye dashibodi. BMW za umri wa yangu wanatumia waya unaoitwa K+DCAN, unaounga gari na kompyuta. Na usitoe hela mpaka muuzaji atoke nje, achomeke kwenye gari LAKO, na uione ile kazi unayoitaka ikifanyika kwa macho yako. Siyo afungue menyu akuonyeshe kwamba jina lipo. Hata kwangu jina lilikuwepo. Akikataa kutoka nje, ondoka.

NYONGEZA: Naona maswali mengi, najibu niliyoyaweza.

Mkuu wa Toyota IST ya 2004 ambaye kidude kinagoma kabisa kuunga: soketi inafanana lakini Toyota nyingi za miaka ile zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazizungumzi OBD2 kamili. Kidude kinaweza kuwa kizima na gari zima, ila hawaelewani. Usikubali kuuziwa cha pili kinachofanana na hicho.

Aliyeuliza kama nasema mashine hazina kazi: zina kazi kubwa. Gari lenye breki ya mkono ya umeme, kama Passat ya kuanzia 2005, huwezi kurudisha pistoni za nyuma kwa kusukuma, inabidi mashine iiambie breki ifunguke, ukilazimisha unaharibu mota. Hata hii ya kwangu ukibadilisha betri inatakiwa isajiliwe kwenye kompyuta ili chaji iende sawa na betri jipya. Hizo ndizo kazi za kulipia hela.

Mnaoacha kidude kimechomekwa usiku kucha: pini namba 16 ya lile tundu ina umeme wa betri muda wote hata ukitoa ufunguo. Ukikiacha wiki nzima gari limesimama, unaweza kukuta betri limekufa.

Na wewe uliyeandika kwamba wanawake tukae mbali na BMW: aliyefunga pedi za mbele wakati gari linaomba za nyuma ni mwanaume mwenye gereji.

Aliyesema angemwambia fundi atoe tu ile taa, tafadhali sana, usifanye hivyo. Nimekwambia nilichokisikia Kikafu.

Jumatatu narudi dukani na boksi zote mbili, picha ya ile pedi, na sensa yenyewe nimeiweka kwenye bahasha. Nitawaomba warudishe 190,000 kwa amani. Wakikataa, Jumanne nina ruhusa kazini, napeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Mrejesho nitauleta humu humu.